Deni la Lami

Mchuuzi wa ndizi anayeshuka na baiskeli kutoka vilima vya Kasulu, mikungu imefungwa kulia na kushoto hadi gurudumu la nyuma halionekani, hazitegemei sana breki zilizokuja na baiskeli. Hushusha mguu mmoja, akakandamiza soli ya kandambili juu ya tairi, na mpira ukianza kunuka hubadilisha mguu. Fizikia yote ya breki imo humo. Mwendo hauzimiki kama mshumaa. Hugeuka joto, na joto hilo lazima lipate pa kwenda. Likikosa, ama soli inayeyuka ama mzigo unamshinda mwenyewe. Nauanza mjadala wa magari makuukuu na kandambili kwa makusudi, kwa sababu mazungumzo ya kung'oa breki za dramu na kufunga za diski huanzia dukani, kwenye bei ya vifaa, ilhali yangepaswa kuanzia kwenye joto. Anayejua joto la gari lake linatoka wapi na linakwenda wapi atafanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Asiyejua atanunua vitu rahisi mara tatu.

Gari lenyewe ni Land Rover ya kizazi cha Series, hasa ile ndefu inayotambulika kwa inchi zake, 109. Nyanda hizi za Buha, kuanzia Kabanga na Kasulu hadi Kibondo, zilijengwa zikiwa mgongoni mwa magari ya aina hiyo. Misheni na hospitali zilikuwa nayo, ofisi za wilaya zilikuwa nayo, na mwaka 1972, serikali ilipoanza kuwahamishia wananchi wa mkoa wa Kigoma kwenye vijiji vya ujamaa, gari la kiongozi aliyekuja kutangaza habari hiyo halikuwa jingine. Zilitengenezwa Solihull, Uingereza, na baadhi ya zilizotembea Afrika Mashariki ziliunganishwa Thika, Kenya. Kutoka Series ya kwanza ya mwaka 1948 hadi Series III ilipokoma mwaka 1985, magurudumu yote manne yalisimamishwa na dramu: za inchi 10 kwa gari fupi, inchi 11 kwa hiyo ndefu. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Kampuni hiyo hiyo ilizindua Range Rover mwaka 1970 ikiwa na diski kwenye magurudumu yote manne. Walijua, basi, kwamba diski ni bora. Lakini gari la tajiri lililokusudiwa kukimbia barabara kuu lilipewa diski, na gari la shamba, la polisi na la misheni likaachiwa dramu kwa miaka mingine 13, hadi mrithi wake, One Ten, ilipotoka mwaka 1983 na diski mbele. Sioni dharau katika uamuzi huo. Ulikuwa na hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo inayotuhusu.

Dramu ina sifa ambazo wengi huzisahau. Ni sufuria ya chuma inayozunguka na tairi. Ndani yake viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga husukumwa kwa nje hadi vigusane na ukuta wake. Kiatu kinachoelekea upande uleule wa mzunguko hujivuta chenyewe na kujikandamiza zaidi, kama mlango unaobanwa na zulia kila unapousukuma. Kwa hiyo mguu wa dereva unafanya kazi ndogo na gurudumu lenyewe linamaliza iliyobaki. Ndiyo maana Land Rover fupi ya Series ilisimama bila basta ya kuusaidia mguu. Kwenye magurudumu ya mbele ya 109 viatu vyote viwili vimepangwa hivyo, na gari likienda mbele linashika vizuri sana. Lirudishe nyuma uone. Viatu vyote viwili sasa vinasukumwa mbali na ukuta, na gari lililozimika katikati ya mlima wa utelezi likaanza kurudi kinyumenyume linamkuta dereva na breki za mbele zisizo na meno. Katika nchi ya vilima, kasoro hiyo si ya kitabuni.

Ubaya mkubwa zaidi ni joto. Chukua 109 yenye uzito wa tani 2.5 pamoja na mzigo na abiria, ikishuka kutoka nyanda za Kasulu kuelekea Kidahwe na Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Chukua mita 500 tu za mteremko huo. Nishati inayopaswa kuondolewa ili gari lifike chini likiwa na mwendo uleule lililoanza nao ni kama jouli milioni 12, za kutosha kuchemsha lita 36 za maji ya kawaida. Karibu ndoo mbili kubwa, zikitokota. Injini ikiwa kwenye gia ya chini itabeba sehemu yake, upepo na matairi sehemu yao, na breki zinazosalia na deni ni sufuria nne zilizofunikwa. Dramu ikipata moto hutanuka, na inatanuka kwa kuvikimbia viatu vilivyo ndani yake. Pedali inazama zaidi kwa kila kona, dereva anapampu, na kadiri anavyopampu ndivyo anavyoongeza moto. Diski haina tabia hiyo. Ni sahani iliyo wazi, inabanwa na pedi mbili huku na huku jinsi mipira ya baiskeli ya breki za waya inavyobana rimu, na ikipata moto inanenepa kuzifuata pedi. Upepo unaipitia pande zote. Tena haibagui mbele na nyuma.

Sasa mtu atauliza: kama ni hivyo, ilikuwaje dramu hizo zikahudumia Kigoma kwa miaka zaidi ya 40? Swali hili ndilo zito kuliko yote, na jibu lake haliko ndani ya gari. Liko chini yake. Barabara ya vumbi yenye makorongo ilikuwa breki ya tano. Hakuna aliyeshuka kutoka Kasulu kwa kilomita 80 kwa saa juu ya mawe na matuta. Walishuka kwa 30 au 40, wakiwa gia ya pili, na kila bonde lenye tope liliwalazimisha kusimama na kuzipoza breki bila kukusudia. Mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya kuondoa ili gari lisimame haiongezeki maradufu. Inakuwa mara nne. Lami ilipotandazwa kutoka Kidahwe hadi Kasulu, na ujenzi kuendelea kuelekea Kibondo, gari lilelile lenye dramu zilezile lilipewa kazi mara nne ya ile liliyoundiwa, na hakuna aliyelipandisha cheo. Waliobuni dramu zile kule Solihull hawakukosea hesabu. Wamebadilishiwa swali. Kwa hiyo ninaposema 109 ya Kabanga inahitaji diski mbele sizungumzii urembo wala fasheni ya wapenda magari ya kale wa Arusha, ambao wana sababu zao. Nazungumzia deni ambalo lami imemwandikia mwenye gari bila kumwita mezani.

Pingamizi la kwanza linakuja haraka: si uendeshe polepole? Ushuke na gia, usiweke frii, uyaache mabasi yapite. Ushauri huu ni sahihi na ni wa bure, na anayeweka frii kwenye mteremko ili kuokoa dizeli haokolewi na diski wala na kitu kingine. Lakini hautoshi, kwa sababu barabarani gari halitembei na wazee wenzake. Linatembea na basi linalotaka kuwahi Kigoma na lori lililobeba saruji, na bodaboda aliyebeba watu wawili hukata mbele yake bila kugeuza shingo. Mtu anaweza kuchagua mwendo wake. Hachagui mtoto atatokea wapi kati ya nyumba mbili zilizopakana na lami. Kusimama kwa ghafla mara moja dramu inaweza, hata ikiwa na umri wa miaka 50. Kusimama mara ya tatu mfululizo, kwenye mteremko, ndipo inapoanza kukupa ahadi badala ya breki.

Pingamizi la pili nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa kuwa lina ukweli mwingi: dramu nyingi zinazolaumiwa hazijashindwa, zimetelekezwa. Dramu za Series hazijikazi zenyewe. Kiatu kikiisha kidogo, kuna bolti nyuma ya bamba ambayo fundi anapaswa kuizungusha hadi tairi likwame, kisha airegeze hadi lizunguke tena, huku kiatu kikigusa ukuta kwa mbali kama ukucha unaopita juu ya kitambaa. Mbele ya 109 kila tairi lina bolti mbili za namna hiyo. Zikishikwa na kutu kwa miaka 10, pedali itakwenda chini hata kama kila kitu kingine ni kipya. Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewa, na katika nchi ambayo mvua huanza Oktoba ikaondoka Mei hayakosi cha kunywa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za selsiasi. Yakishalowa, kiwango hicho hushuka hadi 140 hivi. Yakichemka ndani ya bomba yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea; mguu unakanyaga hewa. Ongeza silinda ya tairi inayovuja na kulainisha kiatu kwa mafuta, ongeza dramu iliyochimbika ambayo ingekerezwa kwa saa moja tu kwenye lezi, na utaona kwamba nusu ya magari yanayodaiwa kuhitaji diski yanahitaji siku mbili za fundi mvumilivu. Hapa ndipo penye unafuu wa kweli, na mtu asiyeanzia hapa hana haki ya kusema amebana matumizi. (Fundi huyo mvumilivu asiigonge dramu kwa nyundo na kupuliza vumbi kwa mdomo. Viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake halitoki mapafuni likishaingia. Kitambaa kilicholowa maji kinatosha.)

Lakini ukimaliza yote hayo umeirudisha dramu kwenye ubora wake wa mwaka 1975. Deni la lami bado liko palepale. Ndiyo maana nasema matengenezo ni hatua ya kwanza ya mabadiliko yenyewe na wala hayashindani nayo, hasa kwa kuwa dramu za nyuma zitabaki. Gari linaposimama uzito hukimbilia mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi. Diski mbele na dramu nyuma ni mpangilio ambao One Ten yenyewe ilitoka nao kiwandani, na Land Cruiser nyingi nyeupe za mashirika zilizojaa barabara hizi tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 zilitembea hivyohivyo. Kutaka diski nne kwenye 109 ni kulipa mara mbili kwa faida ndogo. Na Land Rover ina bahati moja: breki yake ya mkono haiko kwenye magurudumu, iko nyuma ya gia boksi kwenye shafti, kwa hiyo hakuna unachokigusa mbele kitakachoivuruga.

Ni wapi basi pesa inapotelea? Kwanza kabisa, kwenye kuchanganya koo. Mtu ananunua diski za gari moja, kalipa za gari jingine, anampelekea fundi wa kuchomelea amkatie kipande cha bati nene cha kuzishikisha pamoja, halafu anashangaa gari likivuta kulia. Kile kipande cha bati kinabeba nguvu zote za kulisimamisha gari la tani mbili na nusu. Mchomeleo ulioshika geti la shule kwa miaka 20 unaweza kuachia hapo siku ya kwanza ya mteremko. Rahisi ghali, walisema waliotangulia, na hawakuwa hata na magari. Nafuu ya kweli ni kutafuta gari moja la ukoo uleule lililokwisha kuvunjwa, One Ten, Defender au Discovery ya kwanza, na kuchukua kila kitu cha mbele kutoka humohumo: ekseli na habu zake, diski, kalipa, mabomba, masta silinda na basta. Unalipia skrepa moja, na viungo vyote vinafahamiana tangu kuzaliwa.

Hata hapo kuna mitego mitatu, na sina budi kuikalia. Mtego wa kwanza ni upana. Kutoka katikati ya tairi hadi katikati ya tairi, Series ina inchi 51.5, One Ten ina 58.5. Matairi yatatokeza nje kwa karibu sentimeta 9 kila upande, na ndiyo sababu One Ten ilivishwa zile nyusi nyeusi za plastiki juu ya magurudumu. Bila nyusi, tope jekundu la Kasulu litapaka milango hadi kwenye vioo. Tena ekseli hiyo iliundiwa koili, wakati Series inakalia springi za vyuma bapa vilivyopangwa. Vikalio vipya lazima vichomelewe kwa vipimo, na hiyo ni kazi ya mchomeleaji aliyezoea chesesi. Bolti za tairi hazina shida, matundu matano yale yale kwa vizazi vyote viwili, lakini rimu za zamani zijaribiwe kwanza kama hazigusi kalipa. Mtego wa pili wengi huujua wakiwa wamekwama mtoni. Difu ya Series inataka shafti izunguke mara 4.7 kwa mzunguko mmoja wa tairi. Ya Defender mara 3.54. Ukibadilisha ekseli ya mbele peke yake, siku utakapotia gia ya magurudumu manne mbele na nyuma zitashindana, na kitakachovunjika hakijulikani mapema. Difu ya zamani ihamishiwe kwenye ekseli mpya, baada ya kuhakikisha meno ya shafti yanalingana. Mtego wa tatu uko chini ya pedali. Diski haijivuti yenyewe kama kiatu, kwa hiyo inadai msukumo mkubwa zaidi, na pistoni za kalipa zinameza mafuta mengi zaidi. Masta silinda ya zamani haitatosha. Nyingine za dramu zina vali ndogo inayobakiza msukumo ndani ya bomba, na vali hiyo itazifanya pedi ziikwaruze diski kutwa nzima mpaka iwe ya bluu. Basta nayo inaishi kwa kunyonywa hewa na injini. Ya petroli inanyonya vizuri. Ya dizeli hainyonyi vya kutosha, inahitaji pampu yake ya vakyumu, nayo itoke kwenye skrepa ileile.

Kuna wanaosema diski haifai nchi ya tope. Wana hoja: pedi zilizo wazi huliwa na mchanga, na msimu wa masika zinaweza kwisha upesi kuliko viatu vilivyojificha. Lakini kujificha huko kuna bei. Maji yakiingia ndani ya dramu wakati wa kuvuka kijito hayatoki upesi, na breki inakuwa ya sabuni kwa mwendo mzuri wa barabara. Tope likiingia linabaki humo na kusaga. Diski inajifuta yenyewe ndani ya mizunguko michache. Kubadilisha pedi ni kazi ya dakika chache. Kubadilisha viatu, kwa mtu aliyewahi kupambana na zile springi zake, ni shughuli ya kukunja mikono.

Wa mwisho ni wale wanaolilia uhalisi, kwamba 109 yenye ekseli ya Defender chini yake si 109 tena. Nawaheshimu, na kwa gari la maonyesho nakubaliana nao. Ila 109 ambayo haikuwahi kuguswa na fundi kati ya Kibondo na Kasulu haipo. Magari haya yameishi kwa kubandikwa, injini ya hili kwenye lile, na huo ndio uhalisi wao huku. Anayeogopa kupoteza historia aipake grisi ekseli ya zamani, aifunge kwa gunia na kuihifadhi. Kinachoweza kurudishwa hakijafutwa. Na dramu zilizochakaa zina maisha mengine: dramu iliyoning'inizwa kwenye mwembe hupiga kengele ya shule kwa sauti safi kuliko rimu.

Kazi ikishafungwa, inabaki ile hatua ya kutoa upepo. Mmoja anakaa ndani na kupampu, mwingine amelala chini na chupa yenye mafuta kidogo na mpira mwembamba. Pampu, shika, fungua, funga. Pampu, shika. Waanze na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, na wasiondoke hapo hadi povu la mwisho limekoma ndani ya chupa. Kisha gari lishuke likiwa tupu, kwenye mteremko mfupi, likisimamishwa mara tano au sita, na asubuhi mapema kabla ya mabasi. Chini kabisa dereva asishike diski kwa mkono. Adondoshee tone la maji kila upande. Likichemka kulia na kushoto kwa mlio mmoja, wanaweza kupakia mzigo. Likichemka kulia, na kushoto likabaki tone, warudi gereji. Kuna pistoni iliyokwama.